Maswali kwa Mjomba: Mrushaji atolewe au aachwe?

Tangu Dodgers wa Los Angeles wawashinde Blue Jays wa Toronto 5–4 katika mechi ya 7 ya World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, usiku wa tarehe 1 Novemba 2025, barua zenu za besiboli zimenimiminikia, na karibu zote zinagombea jambo moja: warushaji. Nani alitolewa mapema, nani aliachwa mpaka akapigwa, nani hakuitwa kabisa. Nimechagua nne.

Kwa msomaji anayeingia leo: mrushaji husimama kwenye kilima katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mechi ina awamu 9, na huongezwa zikiwa sare; katika kila awamu timu inapiga mpaka wachezaji wake watatu wawe auti, yaani wametolewa. Mpigaji akiupiga mpira hukimbia kupitia besi tatu, na akirudi nyumbani, pale alipopigia, timu yake hupata alama; akiupiga mpaka nje ya uwanja, hiyo ni homurani. Kocha anaweza kumbadilisha mrushaji karibu wakati wowote, ila akishatoka harudi. Ndiyo maana watu wanagombana.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Toronto. Tangu ile mechi nyumbani hatuelewani. Mume wangu anasema kocha John Schneider ndiye aliyetupotezea kombe kwa kumwachia Jeff Hoffman awamu ya 9. Mimi nasema Hoffman ndiye mmaliziaji wa timu, sasa angemwachia nani? Tuamulie.*

Marahaba, mwanangu. Uko sahihi.

Toronto walikuwa wanaongoza 4–3 na walibakiza auti mbili tu wachukue kombe. Aliyekuwa anapiga ni Miguel Rojas, mtu wa mwisho kwenye orodha ya wapigaji wa Dodgers, mchezaji anayejulikana kwa glavu yake kuliko kwa gongo. Hoffman akamrushia, Rojas akaupeleka mpira jukwaani, ikawa 4–4. Hapo kocha alikosea nini? Alimpa mpira mtu aliyempa kazi hiyo msimu mzima, dhidi ya mpigaji ambaye kila kocha angefurahi kumkuta pale. Na awamu ya 11 Will Smith alipompiga Shane Bieber homurani ya ushindi, tayari kulikuwa na auti mbili. Mambo mengine ni ya mpigaji, tumpe haki yake.

Mwulize mume wako swali moja: amtaje kwa jina mrushaji ambaye yeye angemwingiza. Akimtaja, mna mjadala wa kweli na mniandikie tena. Asipomtaja, mpe chai, ana uchungu tu, na uchungu wake nauelewa.

*Jambo Mjomba. Mimi ni Mkongomani, mzaliwa wa Lubumbashi, naishi Kent, karibu na Seattle. Mariners hawajawahi kufika World Series hata mara moja, na mwaka 2025 tulibakiza auti nane tu tufike. Kocha Dan Wilson akamwita Eduard Bazardo, wakati Andrés Muñoz alikuwepo. Naweza kumsamehe?*

Ndugu yangu, kusamehe ni kazi yako. Lakini kwa hili nakuunga mkono kabisa.

Wasomaji wengine wajue ilivyokuwa: tarehe 20 Oktoba, mechi ya 7 ya kuamua bingwa wa American League, moja ya ligi mbili ambazo mabingwa wake hukutana World Series, ikichezwa Toronto. Seattle wanaongoza 3–1, awamu ya 7. Bryan Woo anaacha wapinzani wawili kwenye besi, auti ni moja, na anayekuja kupiga ni George Springer, mtu aliyezoea kupiga homurani Oktoba. Bazardo anaingia, Springer anaupiga mpira mpaka nje, alama tatu kwa mpigo mmoja. Mechi ikaisha 4–3.

Bazardo alikuwa na msimu mzuri, sitaki mtu amdharau. Ila Muñoz ndiye aliyekuwa mrushaji wa akiba mkali kuliko wote pale Seattle, na kuna desturi moja mbaya kwenye besiboli ya kumtunza mtu wa namna hiyo mpaka awamu ya 9, hata kama nyumba inaungua awamu ya 7. Pale ndipo mechi ilipokuwa. Hakukuwa na kesho ya kumtunzia. Kocha akiniambia anamhifadhi mkali wake kwa ajili ya hatari itakayokuja baadaye, namwuliza: hatari ipi kubwa kuliko Springer na watu wawili kwenye besi?

*Mjomba, hujambo? Mimi ni wa Tabata, Dar es Salaam, naangalia sana mechi za zamani kwenye simu. Mwaka 2003 Grady Little alimwacha Pedro Martínez, Boston wakafungwa, akalaumiwa. Mwaka 2020 Kevin Cash alimtoa Blake Snell, Tampa Bay wakafungwa, akalaumiwa pia. Sasa kocha afanye nini? Au ni bahati tu?*

Sijambo, na ahsante kwa swali hili. Nimekuwa nikilisubiri.

Mechi ya 2003 naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa Massachusetts, nikifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee mjini Worcester. Televisheni ya sebuleni iliachwa wazi hadi usiku mkubwa, jambo ambalo kwa kawaida halikuruhusiwa, kwa sababu ilikuwa Boston na Yankees wa New York, mechi ya 7 ya kuamua bingwa wa American League, na kati ya wazee wetu hakuna aliyetaka kwenda kulala. Boston hawakuwa wamechukua kombe tangu 1918. Kulikuwa na mzee mmoja, aliyewahi kuwa fundi wa viatu, ambaye hakuwa anaufuata mpira kama sisi wengine. Alikuwa anaangalia kiwiko cha Pedro. Kila baada ya mrusho alishusha mkono wake mwenyewe kidogo juu ya blanketi kunionyesha pale mkono wa Pedro ulipofika. Mwisho wa awamu ya 7 Pedro alipotoka amenyoosha kidole mbinguni, kama afanyavyo akimaliza kazi, mzee akavuta blanketi na kusema, "Basi, amemaliza."

Awamu ya 8 Pedro akarudi kilimani. Boston walikuwa mbele 5–2 na yeye alikuwa amesharusha mipira 100. Mpigaji wa kwanza auti. Kisha Derek Jeter wa Yankees akapiga, akafika besi ya pili. Bernie Williams akapiga, Jeter akaingia, 5–3. Grady Little akatoka, akapanda kilimani, akazungumza na Pedro, akarudi peke yake. Sebule yote ilinyamaza. Hideki Matsui akapiga. Jorge Posada akapiga mpira dhaifu ulioanguka nyuma ya besi ya pili pasipo mtu, 5–5. Pedro alipotolewa alikuwa ametupa mipira 123. Awamu ya 11 Aaron Boone akampiga Tim Wakefield homurani kwa mrusho wa kwanza kabisa, na Boston wakatolewa. Baada ya msimu Little hakuongezewa mkataba.

Sasa njoo 2020, tarehe 27 Oktoba, Arlington, Texas, mechi ya 6 ya World Series. Snell alikuwa moto. Auti 16, tisa kati yake za mpigaji kutolewa bila kuupeleka mpira uwanjani, hakumpa mtu hata mmoja besi ya bure kwa kurusha vibaya, na mipira aliyotupa ni 73 tu. Tampa Bay wanaongoza 1–0. Awamu ya 6 Austin Barnes wa Dodgers anapata besi ya kwanza, na hapo hapo Cash anatoka kwenda kumtoa. Snell alipomwona anakuja, hasira ilimjaa usoni, dunia nzima ikaona. Akaingia Nick Anderson. Mookie Betts akapiga, akafika besi ya pili. Kisha mrusho mmoja ukamkosa mdakaji, Barnes akaingia, 1–1. Corey Seager akapiga mpira wa chini, Betts akakimbia mpaka nyumbani, 2–1. Mechi ikaisha 3–1, Dodgers wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1988.

Watu husema Cash aliwafuata watu wa kompyuta akaacha macho yake. Mimi sikubali maelezo hayo, ni mepesi mno. Takwimu aliyoifuata ni ya kweli, na mzee wangu wa Worcester angeikubali bila kompyuta. Mpigaji anayekutana na mrushaji mmoja kwa mara ya tatu usiku huo huo humpiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Fikiria kazi yake: kilima kiko mita 18 na kidogo kutoka kwake, mpira unakuja kwa kilomita 150 kwa saa, ana kama sekunde 0.4 za kuutambua na kuamua. Mara ya kwanza anabahatisha. Mara ya tatu ameshaona mpira wa kasi, ameshaona wa kujipinda, anajua mkono unatokea wapi. Snell alikuwa amekutana na wapigaji 18, yaani orodha yote mara mbili kamili, na Betts alikuwa anakuja kwa mara ya tatu. Kumtoa kulikuwa na sababu, ingawa mimi kwa usiku ule ningemwacha, kwa kuwa Betts, Seager na Justin Turner walikuwa wamekutana naye mara sita na mara zote sita hawakuambulia kitu.

Lakini hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni Anderson. Msimu wa kawaida alikuwa hatari kwelikweli, ila Oktoba ile alikuwa ameruhusu alama katika mechi sita mfululizo alizoingia. Mkono wake ulikuwa umechoka na kila mtu aliyekuwa akiangalia aliona. Cash alimtoa mtu aliyekuwa kwenye usiku bora wa maisha yake akamwingiza mtu aliyekuwa kwenye mwezi mbaya kuliko yote.

Geuza sasa kwa Little. Warushaji wake wa akiba Oktoba ile, Mike Timlin na Alan Embree, walikuwa hawapigiki. Wamekaa pale, wamepasha mwili moto. Yeye akamwacha aliyechoka na kuwaacha wazima.

Kwa hiyo, ndugu wa Tabata, umeuliza kama ni bahati. Sehemu ni bahati, ndiyo. Lakini makosa ya hawa wawili ni kosa moja lenye sura mbili. Kila mmoja alimtazama aliyeko kilimani akasahau kumlinganisha na anayefuata. Ukiwa na mrushaji aliyepungua kidogo na nyuma yake kuna mzima, badilisha. Ukiwa naye huyo huyo na nyuma yake kuna hoi zaidi, vumilia. Mimi nikiangalia mechi kubwa huangalia zaidi kule pembeni wanakopashia moto kuliko kilimani.

Ushahidi wangu ni ile mechi ya Toronto mwezi Novemba. Huku kwetu ilianza saa tisa usiku, ikaisha kumekucha. Awamu ya 9, 4–4, aliyekuwa kilimani upande wa Dodgers ni nani? Blake Snell yule yule, sasa akiwa na jezi ya waliomfunga. Auti moja, Toronto wana watu wawili kwenye besi. Anayetoka kumtoa ni Dave Roberts, kocha aliyekuwa upande wa pili mwaka 2020. Roberts hakuwaamini warushaji wake wa akiba, na mwezi mzima walikuwa wamempa sababu. Akamwita Yoshinobu Yamamoto, ambaye usiku uliotangulia tu alikuwa ametupa mipira 96 na kushinda mechi ya 6. Kwa hesabu ya kawaida ni wazimu. Yamamoto akaanza kwa kumgonga Alejandro Kirk na mpira, besi zote tatu zikajaa. Mpira uliofuata wa chini ukaokotwa na Rojas, akaurusha nyumbani, auti kwa unyayo. Wa juu ukadakwa na Andy Pages aliyempamia mwenzake. Yamamoto akaendelea mpaka awamu ya 11, akaimaliza mechi. Roberts alijiuliza nani bora aliyebaki naye, na jibu lilikuwa Yamamoto aliyechoka dhidi ya wengine waliopumzika. Hata kama angepigwa usiku ule, ningeandika hivi hivi.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Dar es Salaam, nina miaka 16, ni mrushaji wa timu ya shule. Nimeona Yamamoto amerusha siku mbili mfululizo. Wikiendi ya mashindano kocha wetu ananipa mechi ya Jumamosi na ya Jumapili kwa sababu mimi ndiye mkali. Kiwiko kinaniuma kwa ndani. Niendelee?*

Marahaba, mjukuu wangu. Usiendelee. Jumamosi hii usirushe kabisa, hata kama ni fainali.

Yamamoto usiku ule alikuwa mtu mzima wa miaka 27, mwenye madaktari na watu wa viungo wanaomhudumia kila siku, na ile ilikuwa mechi ya mwisho ya mwaka, baada yake alikuwa na miezi ya kupumzika. Wewe mifupa yako bado inakua. Mwongozo wa Marekani kwa vijana, unaotolewa na Major League Baseball pamoja na chama cha besiboli cha huko, unasema kijana wa miaka 15 au 16 asizidishe mipira 95 kwa siku moja, na akitupa 76 au zaidi apumzike siku nne kamili kabla ya kurusha tena. Jumamosi na Jumapili hazina siku nne kati yake.

Maumivu ya ndani ya kiwiko kwa mrushaji wa umri wako yanahitaji kuangaliwa na daktari wa mifupa, usiyafunge bandeji na kuyanyamazia. Mwambie mama au baba leo, na ukate ukurasa huu umpelekee kocha wako kwa heshima. Halafu mwenzako mmoja, yule anayerusha sawasawa hata kama hana kasi yako, aanze kuhesabiwa mipira yake mazoezini wiki hii. Mtu wa kumhesabia uwe wewe, na daftari.