Risiva ya zamani: picha iende kwenye TV, sauti irudi

Ndugu, umeuliza uunganishe vipi king'amuzi, deki ya Blu-ray na mashine ya gemu kwenye risiva (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika) yenye matundu mawili tu ya HDMI. Usinunue risiva mpya bado. Chomeka vyote vitatu kwenye TV moja kwa moja, halafu rudisha sauti kwenye risiva. Ikiwa TV na risiva zote zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, yaani linaloweza kurudisha sauti kutoka TV (lilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009), waya mmoja wa HDMI unatosha. Zisipokuwa nalo, tumia waya wa optiko, unaobeba sauti kwa mwanga.

Wengi hukwama hapa: kwenye mipangilio ya sauti ya TV, chagua Dolby Digital (sauti iliyobanwa) badala ya PCM (sauti isiyobanwa). Ukiacha PCM, optiko hubeba chaneli mbili tu. Baadhi ya TV hushusha sauti ya vifaa vya nje kuwa stereo hata ukichagua hivyo. Basi toa optiko kwenye deki yenyewe hadi kwenye risiva. Dolby TrueHD, sauti ya ubora wa juu ya Blu-ray, haitapita humo, ila Dolby Digital ya 5.1 (spika tano na moja ya besi) inapita vizuri, na kwa filamu nyingi naona inatosha kabisa.

Picha nayo itanufaika, maana risiva yako ikiwa ya HDMI 1.4, toleo hilo halikutengenezwa kwa 4K ya fremu 60 kwa sekunde wala HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi). Gemu lako lisipitie kwenye risiva kabisa.

Ukiwa na kifaa cha waya za rangi (njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti) kilichochomekwa kwenye risiva, kumbuka risiva nyingi za zamani hazigeuzi picha hiyo kuwa HDMI. Waya wa njano utoke pia kwenye risiva hadi TV.