Jozi za kati mkiwa wawili mezani: acha kuiogopa kila K

Jumamosi moja hapa Nairobi tulibaki wawili katika mashindano madogo ya poka. Mwenzangu akapandisha dau, mimi nikiwa na 8-8, jozi ya kati (7-7 hadi 10-10 hivi), nikafuata, yaani nikalipa dau lake. Flopu, yaani karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani kwa wote, ikaja K, 6, 3. Nikapita, akaweka nusu ya chipu zilizokuwa katikati. Nilipoiona ile K nikatupa karata. Akanionyesha zake: J-9. Hakuwa na kitu. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeshika nafasi ya pili, na mkono ule ulininyima usingizi.

Nilikuwa nimebeba mazoea ya meza ya watu tisa. Pale, ukipewa 7-7 unaingia kwa bei nafuu ukiombea 7 ya tatu, ambayo hutokea kwenye flopu kama mara 12 katika 100. Isipokuja, mara nyingi unatoka, maana kati ya watu wanane waliobaki yupo mwenye kitu. Mkiwa wawili hayo hayapo. Karata mbili zozote zisizo jozi hupata jozi kwenye flopu takriban mara moja katika tatu tu. Na kabla ya flopu, 7-7 hushinda karata mbili za kubahatisha kama mara 66 katika 100, 8-8 mara 69, 9-9 mara 72. Huo ni mkono mzito, jamani, si wa kubembeleza.

Sasa tazama hili. Ukiwa na 7-7, flopu 92 katika 100 zitakuwa na angalau karata moja kubwa kuliko 7. Kwa 8-8 ni kama 87. Kwa hiyo anayetupa kila anapoona karata kubwa ameamua kutupa karibu kila mara, na mpinzani mwenye macho atamgundua mapema.

Mimi sasa natazama kwanza chipu. Zikishuka chini ya blaindi kubwa 15 (blaindi kubwa ni dau la lazima la kila mkono), nasukuma zote bila kuwaza mara mbili; kusubiri mkono bora kuliko 9-9 mkiwa wawili ni kujiua polepole. Nikiwa nazo nyingi, napandisha kabla ya flopu, kisha ikitokea karata moja kubwa nafuata dau la kwanza. Dau la pili namwangalia mtu. Mchokozi anayeweka dau kila mkono namfuata tena. Mtu mkimya ambaye saa nzima hajapandisha, akiweka dau kubwa kwenye karata ya nne na ya tano za mezani, namwachia.

Fainali za World Series of Poker kule Las Vegas zinaonyesha pande zote. Mwaka 2004 Greg Raymer alikuwa na 8-8 dhidi ya A-4 ya David Williams. Flopu 4, 2, 5: hakuna kubwa kuliko nane. Hapo ndipo pa kukaza, naye alikaza hadi chipu zote zikaingia. Mwaka 2006 Paul Wasicka alishika 10-10, flopu ikaja Q, 8, 5, akaingiza zote, na Jamie Gold alikuwa na Q-9, yaani jozi ya Q iliyomshinda. Simlaumu Wasicka hata kidogo. Gold alikuwa na mlima wa chipu, na mwenye mlima husukuma kwa karata za kila aina. Mwaka 2009 Joe Cada, kijana wa miaka 21, aliweka zote kabla ya flopu akiwa na 9-9 dhidi ya Q-J ya Darvin Moon. Nafasi yake ilizidi nusu kidogo tu, lakini ilizidi, akawa bingwa.

Kama bado moyo unasita, fanya nilivyofanya jikoni kwangu. Nilitoa 7 mbili nikaziweka wazi mezani, nikagawa mkono wa pili na flopu, nikachanganya, nikarudia mara 50, mke wangu akiandika kwenye daftari. Flopu zisizo na karata kubwa kuliko 7 zilikuwa nne. Mkono wa pili ulipata jozi au zaidi mara 18. Mara 32 zilizobaki 7 zangu zilikuwa mbele, na K zilikuwa zimejaa mezani.