Uliza Mwalimu wa Michezo: Coaster ya baba, siku saba na mtoto anayeogopa maji

*Shikamoo Mwalimu. Naishi Himo, nina watoto watatu: wa kiume wa miaka 14, wa kike wa 11 na kitindamimba wa 6. Mume wangu ni fundi gereji. Mwaka jana alinunua Coaster iliyochoka, akang'oa viti, akabakisha vitano, akatengeneza vitanda, akafunga jiko la gesi na tangi la maji juu ya paa. Watoto wanaiita "nyumba ya baba". Likizo ya Juni tunataka kuzunguka nayo siku saba, na ratiba imeshabandikwa ukutani: chemchemi ya Chemka kuogelea, Ziwa Duluti mtumbwi, Hifadhi ya Arusha kutembea na askari, kisha Marangu baiskeli na kupanda mpaka kambi ya Mandara kwenye Mlima Kilimanjaro. Kila siku mchezo mpya. Mkubwa hapati usingizi kwa furaha. Wa kati anaogopa maji tangu alipoteleza mtoni akiwa darasa la pili, na usiku ananiuliza kama ni lazima aingie. Na mimi, Mwalimu, sijui kuogelea, na watoto hawajui kwamba sijui. Nifanyeje nisimvunje moyo mwenzangu?*
*Mama wa Watatu, Himo*

Marahaba mwanangu.

Kwanza nipelekee pongezi kwa fundi. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskochi, Gordon Stables, aliagiza atengenezewe nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na farasi wawili, yenye uzito wa karibu tani mbili, akazunguka nayo Uingereza kwa mapumziko tu. Mtumishi wake alikuwa akitangulia na baiskeli ya magurudumu matatu, akiwaonya watu kwamba nyuma linakuja dude kubwa. Mumeo yuko kwenye njia ya zamani na yenye heshima. Hiyo baiskeli ya kutangulia nitairudia tukifika Marangu.

Sasa ratiba. Naomba ishushwe ukutani iandikwe upya. Chagueni michezo miwili, na kila mchezo upeni siku mbili mahali pamoja. Nimefundisha michezo shule za msingi miaka 31, na hili nimeliona kwa mamia ya watoto: siku ya kwanza mtoto hajifunzi mchezo, anapima tu kama maji yatammeza, kama breki zitashika. Analala na hofu yake, na kesho yake mikono inafanya jambo ambalo jana ilikataa. Utamu uko siku ya pili. Ratiba ya mumeo inawaondoa mahali kila asubuhi kabla utamu haujafika, tena baada ya saa nzima ya kukunja vitanda, kufunga gesi na kutafuta ndala moja iliyopotea.

Kosa hili mimi mwenyewe nililifanya, na bado linaniuma. Tulikuwa siku ya tatu ya safari kama yenu, upande wa Marangu, watoto wamechoka kwa kutembea siku mbili. Tukakodi baiskeli. Ya mwanangu breki ya nyuma ilikuwa inalegea, nikaiona, nikasema twende tu maana saa zinakimbia. Kwenye kona ya pili alishika ya mbele peke yake, akaruka mpaka ndani ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, uliokauka, akavunjika mtulinga. Mfupa uliunga. Lakini leo ni mtu mzima, na baiskeli haigusi.

Kwa hiyo mimi ningeanzia Duluti. Mkishafika Tengeru ni karibu tu kutoka barabara kuu, na msitu unalizunguka ziwa lote. Siku ya kwanza msiguse maji kabisa. Mtembee njia ya kuzunguka ziwa, taratibu, mwangalie kenge na midiria. Hilo ni shimo la volkeno lililojaa maji, na kingo za namna hiyo huzama ghafla, kwa hiyo si mahali pa watoto kuchezea miguu pembeni. Binti yako alione ziwa akiwa nchi kavu, aulize maswali yake yote.

Asubuhi ya pili, kabla upepo haujaamka, ndipo mtumbwi. Msingoje mchana, maji yakianza kuchafuka mgeni wa kasia anachoka bila kusogea. Jaketi okozi ni la kila mtu, na wewe pia, na lipimwe hivi: mfungie mtoto vifungo vyote, kisha mshike mabegani kwenye jaketi umnyanyue. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, omba jingine. Wakikwambia hakuna dogo, yule wa miaka 6 abaki ufukweni na mtu mzima, na msiogope sura ya mwenye mtumbwi. Anayejua zaidi akae nyuma, maana wa nyuma ndiye anayeuongoza. Wote wakae chini, asisimame mtu hata kwa picha. Dakika thelathini zinatosha. Rudini wakati bado wanataka kuendelea.

Na binti? Mwambie leo, si siku hiyo, kwamba halazimishwi. Mpe kazi ya kweli: ashike saa, ahesabu makasia, awe wa kusema "tunarudi". Mtoto mwenye ruhusa ya kukataa mara nyingi hujisogeza mwenyewe. Akikaa ufukweni siku zote mbili, sawa. Kaka yake asimcheke, na hilo ni la baba kulisimamia kwa macho makali.

Chemka ningeiacha safari hii. Najua ni pazuri, maji yanaonyesha mpaka chini na ile kamba ya kujirusha inawapagawisha vijana. Lakini maji yaliyo safi hivyo hudanganya kina, yana sehemu yanayosukuma kuelekea yanakotiririkia, na ninyi ni familia ambayo wa kuogelea vizuri hajatajwa hata mmoja kwenye barua. Mkienda mwaka kesho mkiwa mmejifunza, mtaifurahia mara kumi.

Nikiwa kwenye maji niseme na hili. Popote mtakapokuta bwawa au mfereji uliotulia wenye majani mengi, watoto wasiingie hata kama wenyeji wanaogelea. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Aliyeingia apimwe baada ya wiki sita hadi nane hata kama hajisikii lolote, maana dawa yake ipo.

Kutembea na askari Hifadhi ya Arusha sikuhesabu kama mchezo mpya. Chukueni nusu siku mkitoka Duluti kama miguu inataka, na mbebe vitambulisho vya NIDA, ada ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni. Mandara iko mita 2,720, na kitindamimba wako atabebwa nusu ya njia. Subirini akue.

Mchezo wa pili basi ni baiskeli, Marangu, siku mbili. Msinunue chochote. Viatu vya raba vyenye meno mtavipata Memorial, soko la mitumba la Moshi, kwa bei ya kuongea. Helmeti ikikosekana kwa mkodishaji, hakuna safari. Kabla ya kulipa, mumeo, ambaye ni fundi, azikague kama anavyokagua gari la mteja anayempenda: abane breki ya mbele asukume baiskeli, gurudumu la mbele ligome; abane ya nyuma, la nyuma nalo ligome. Kiti kishuke mpaka nyayo zote mbili ziguse ardhi. Siku ya kwanza wazunguke njia za vumbi kati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya Wachaga, palipo tambarare, wajifunze kubana breki zote mbili kidogo kidogo na kusogeza makalio nyuma kwenye mteremko. Siku ya pili wapande na kushuka vilima vifupi. Lami ya kushuka Himo wasiiguse, ile ni ya Hiace na bodaboda. Na hapa ndipo yule mtumishi wa mwaka 1885: mtu mzima mmoja atangulie daima, asimame kila kona na kuashiria, na mwingine awe wa mwisho.

Juni huko juu ni baridi kali. Nakusihi, jiko la mkaa lisiingie ndani ya Coaster kupasha joto, hata dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi nalo ni la kupikia, mlango wazi, kisha mtungi ufungwe. Blanketi za ziada na soksi zitatosha.

Nimebakiza lako kwa makusudi. Mwambie mwenzako usiku huu kwamba hujui kuogelea, kisha waambie watoto, binti awe wa kwanza kusikia. Hutaharibu furaha ya mtu. Aliyetengeneza nyumba ya magurudumu kwa ajili yenu hatashindwa kupanga upya siku saba kwa ajili yako. Moshi mjini kuna mabwawa ya kuogelea ya kulipia kwa saa. Tafuta mwalimu, nenda siku za kazi asubuhi kukiwa hakuna watu, vaa leso yako mpaka ukingoni. Somo la kwanza ni kushika ukingo, kuzamisha uso na kutoa pumzi polepole kupitia puani, mapovu yatoke. Hilo tu, mara ishirini. Nilijifunza nikiwa na miaka 38, mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe. Mchukue binti akushikie taulo. Maji ya asubuhi ni baridi, kwa hiyo bebeni chai ya tangawizi kwenye chupa.