Kwa anayeanza kurekodi na kamkoda: anza na masikio

Wengi wanaokuja kujifunza kurekodi huniuliza kwanza habari za picha: kamera gani, inavuta mbali kiasi gani, kama HD inatosha au lazima iwe 4K. Mimi huwarudisha kwenye sauti. Familia iliyokuita urekodi mazishi ya mzee wao kule Seme au Nyakach, hapa Kisumu, itavumilia picha iliyotikisika kidogo. Haitavumilia maneno ya kaka wa marehemu yakiwa hayasikiki, kwa sababu maneno hayo hayatasemwa tena.

Maiki iliyo ndani ya kamkoda imefungwa kwenye mwili wa mashine. Inasikia kidole chako kikisogeza zumu, inasikia boda boda nyuma yako, inasikia watoto walio karibu kuliko msemaji. Ukivuta picha kwa zumu uso unakuja karibu, lakini maiki imebaki pale pale uliposimama. Dawa ni kupunguza umbali. Katika uwanja wazi, kila unapoupunguza kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Kutoka mita 4 hadi mita 1 umepunguza kwa nusu mara mbili, umepata desibeli 12, na kelele za nje hazijaongezeka. Hakuna kamera ya bei kubwa itakayokupa faida hiyo kutoka mbali.

Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, nunua maiki ya kubana kwenye nguo, ya waya, kabla ya kufikiria kubadilisha kamera. Ibane kifuani, shibiri moja hivi kutoka kidevuni, mbali na mkufu na kitambaa kinachosugua. Kama kamkoda yako haina tundu la maiki, chagua maiki inayokubaliana na simu, ichomeke humo na uweke simu mfukoni mwa msemaji ikirekodi, iwe haiwezi kupigiwa. Kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utalinganisha mlio wa kofi na mikono inayokutana, na sauti itakaa sawa na midomo.

Kwenye sherehe zenye spika kubwa, fundi wa spika ndiye rafiki yako wa kwanza. Fika mapema, msalimie vizuri, muombe akutolee waya kutoka kwenye miksa, ile mashine inayokusanya sauti za maiki zote. Lakini usiuchomeke hivi hivi kwenye tundu la maiki. Sauti inayotoka kwenye miksa ina nguvu nyingi kuliko ile ambayo tundu hilo linategemea, na itapasuka. Tumia waya wenye kipunguza nguvu, au kinasa sauti kidogo chenye tundu la kupokea miksa. Na hata ukipata waya huo, acha maiki ya kamkoda iendelee kurekodi. Miksa inajua tu waliosimama mbele ya maiki. Akina mama wanaoimba kutoka viti vya nyuma hawamo humo, nao ndio wanaobeba uzito wa siku ile.

Vaa hedifoni kila mara. Ule mstari unaorukaruka kwenye skrini unakuonyesha kwamba kuna sauti. Haukuonyeshi kama ni hotuba au ni mvumo wa jenereta. Kamkoda nyingi pia hujirekebishia sauti zenyewe: msemaji akinyamaza zinavuta juu kelele za mbali, vigelegele vikilipuka zinashusha kila kitu ghafla. Kama yako inakuruhusu kuweka kiwango kwa mkono, fanya hivyo. Kwenye kipimo cha kamkoda sifuri ndiyo mwisho wa juu; sauti za juu kabisa ziguse karibu desibeli 12 chini yake. Ikigonga sifuri imekatika kichwa, na hakuna programu itakayoirudisha vile ilivyokuwa.

Upepo unahitaji heshima yake hapa Kisumu. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo mchana upepo hutoka ziwani kuja upande wetu. Mahojiano na wavuvi pale Dunga yapange asubuhi, vika maiki manyoya au sponji, na mwili wako uwe ukuta kati ya maiki na ziwa. Mvua kubwa ikianza kupiga mabati, simamisha mahojiano mngoje ipite. Hiyo haina ujanja.

Upande wa picha nitasema machache. Tuko karibu sana na ikweta, na saa sita mchana jua liko utosini: macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Muombe msemaji aingie kivulini, na wewe usimame mahali ambapo nyuma yake hapang'ai, la sivyo kamera itafuata mwanga wa nje na uso utakuwa giza. Hema la buluu huwapaka watu wote ubuluu. Shika karatasi nyeupe ndani ya hema hilo hilo na uweke weupe wa kamera (white balance) kwa mkono, ili ijue nyeupe ni ipi chini ya mwanga huo. Stima yetu ni ya hezi 50, na taa za tyubu za zamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamkoda iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inafuata 60, kwa hiyo picha za ukumbini zinaweza kumetameta. Weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde na mara nyingi tatizo litaisha. Tumia stendi, na kila picha uishike sekunde 10 kabla ya kuhama. Zumu ya dijitali, ile inayokuza picha bila lenzi kusogea, izime kabisa.

Hesabu nafasi ya kadi kabla ya kutoka nyumbani. Ukirekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde, saa moja inakula karibu gigabaiti 11. Kadi ya 32 haifikishi saa tatu, na ibada ya mazishi huku inaweza kupita hapo. Beba kadi ya pili na betri ya pili. Mkifika nyumbani nakili kazi yote sehemu mbili tofauti, fungua kila nakala uisikilize mwanzo, katikati na mwisho, ndipo ufute kadi.