Huyo anayeibana bei siyo maketi meka, ni kampuni yenyewe

Usinunue Jumatatu. Ungekuwa jirani ningekuja kukunyang'anya simu.

Kwa wasiopanda hadi juu ya uzi: jamaa yuko Dallas, ana dola 6,000. Kuna kahisa ka Nasdaq, soko la hisa la Marekani, kametoa habari ya "makubaliano ya ushirikiano" na kampuni kubwa, bei ikaruka kutoka senti 60 hadi dola 1.10, ikaganda hapo. Kwenye grupu lao la Telegram wameambiwa maketi meka (kampuni inayokaa sokoni kununua na kuuza hisa muda wote) anaibana bei makusudi ili akusanye hisa, kwa hiyo waingie kabla hajaiachia. Anauliza atumie app gani, kodi inakuwaje, na kama aweke hela yote kwa mkupuo.

Mkuu, maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa 1.43 na grupu lilikuwa la WhatsApp. Hata matapeli siku hizi hawajisumbui kutunga mapya.

Hela yenyewe ilikuwa ya kupaua nyumba Kibaha. Bati geji 28, mbao, fundi, kila kitu kimepigiwa hesabu. Natoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu, soko bado halijafunguliwa, habari inaingia: kampuni imesaini hati ya makubaliano na wenzao wa Asia. Bei tayari imepanda zaidi ya mara mbili. Nikaingia na hisa 5,600, dola elfu nane na ushei. Kufika saa tatu na nusu asubuhi ya New York soko linafunguliwa, mimi nimeshajiona Bakhresa.

Kutwa nzima pale 1.45 pakawa na ukuta. Ukiangalia orodha ya oda, anayeuza anaonyesha hisa elfu mbili, tatu hivi. Watu wanazinunua, zinaisha, sekunde hiyo hiyo zinajazwa tena. Wananunua tena, zinajazwa tena. Mamilioni ya hisa yalibadilisha mikono siku ile na bei haikuvuka hapo. Mimi naandika grupuni "jamani mbona haipandi?", najibiwa na mtu tuliyekuwa tunamwita Mwalimu: "Maketi meka huyo, anataka mchoke mumuuzie. Shikilieni."

Mwalimu akatuletea na jedwali la ishara. Ukiona muamala wa hisa 100, maketi meka anawaambia wenzake anahitaji hisa. Ukiona 300, anaomba bei ishushwe. Ukiona 911, habari kubwa inakuja. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikakaa nakodolea macho skrini nasubiri 911 kama mtu anayesubiri mwezi wa Idi. Jiulize tu: makampuni yenye simu, kompyuta na mawakili, kwa nini yapitishe siri zao kwenye mkanda wa bei ambao kila mtu mwenye bando anauona? Muamala wa hisa 100 ni mtu kama wewe kanunua hisa 100. Basi.

Kazi ya maketi meka ni kuweka bei mbili, ya kununua na ya kuuza, ale tofauti iliyo katikati. Hisa ikiwa haina wateja, tofauti hiyo anaipanua na wewe unaumia ukiingia na ukitoka. Hana haja ya kujua kama umechoka. Hisa anazouza lazima zitoke kwa mtu, na swali ambalo Mwalimu hakutaka tuulize ni hilo: zinatoka kwa nani?

Zilikuwa zinatoka kwa kampuni. Wiki kadhaa kabla ya ile habari, kampuni ilikuwa imeweka kwenye EDGAR, tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani, ambayo ni bure na haitaki hata kujisajili, waraka wa matarajio unaoitwa 424B5. Ukurasa wa mbele kabisa unasema kampuni inaweza kuuza hisa mpya moja kwa moja sokoni, kwa bei ya wakati huo, kidogo kidogo kupitia dalali, na dalali atachukua kamisheni ya hadi asilimia 3. Yaani ule ukuta ulikuwa na jina, anuani na sahihi. Sisi tuliugombania kwa furaha.

Nilijuaje? Ripoti ya robo mwaka, 10-Q, ilipotoka, pale mbele wanapoandika idadi ya hisa, milioni 19 ilikuwa imeshakuwa milioni 34. Kwa hiyo hata kama ile hati ya makubaliano ingekuwa ya dhahabu (haikuwa, ilikuwa hati isiyomfunga mtu yeyote kisheria), mimi mwenye kipande cha keki nimebaki na karibu nusu yake. Bei ilishuka chini ya dola moja ikakaa huko. Nasdaq hisa ikikaa chini ya dola kwa siku 30 za kazi mfululizo inaandikiwa barua ya onyo, na kwa kawaida kampuni inapewa siku 180 kujirekebisha. Wao walijirekebisha kwa kuunganisha hisa, kila 20 zikawa moja. Nikalala na hisa 5,600 nikaamka na 280. Hasara yangu mpaka leo naila na serikali ya Marekani, maana sheria inaruhusu kukata hasara ya hadi dola 3,000 kwa mwaka kwenye mapato mengine yanayotozwa kodi. Shemeji yenu anaita hiyo "pensheni". Fundi wa Kibaha aliendelea kupiga simu, "bosi, bati vipi?", mwishowe nikaanza kumpokelea kwa Kiingereza.

Mwalimu? Alitoka grupuni bila kuaga. Kumbe alikuwa amenunua kwa senti 50, na sisi ndio tuliokuwa mlango wake wa kutokea. Sheria ya Marekani inamtaka anayelipwa kupigia debe hisa aseme kalipwa na nani na kiasi gani, lakini nani ataikumbuka sheria kwenye grupu lenye stika za roketi.

Ndiyo maana nakupigia kelele kitu kimoja tu: kabla ya kuisoma habari, tafuta nani ana ruhusa ya kuuza. Ingia EDGAR, andika jina la kampuni, shuka chini. Ukiona S-3 au S-1 ya karibuni, yaani waraka wa kusajili hisa ili ziuzwe, simama. Ukiona 424B5, isome ukurasa wa kwanza uone dola ngapi. Ukiona 424B3, mara nyingi kuna wakopeshaji au wenye waranti (haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa) wanaosajiliwa hisa zao ili wazimwage. Halafu tafuta 8-K, ripoti ya matukio makubwa ya kampuni. Mkataba mzito wenye nguvu ya kisheria, ulio nje ya shughuli zao za kawaida, unatakiwa kuripotiwa humo ndani ya siku nne za kazi, kipengele 1.01. Ikiwa siku zimepita na kilichopo ni taarifa kwa vyombo vya habari peke yake, hayo "makubaliano" huenda ni watu wawili wamepeana mikono wakapiga picha.

Na kuna ujanja ambao Mwalimu wenu hatawaambia. Kampuni ndogo, ambayo hisa zilizo mikononi mwa umma hazifiki thamani ya dola milioni 75, ikitumia S-3 inaruhusiwa kuuza theluthi moja tu ya thamani hiyo kwa miezi 12. Lakini thamani yenyewe inaweza kupimwa kwa bei yoyote ya ndani ya siku 60 zilizopita. Sasa fikiria: habari inatoka, bei inaruka kutoka senti 60 hadi 1.10, kikomo chao nacho kinakaribia kuongezeka maradufu. Kesho yake wanaweza kuongeza kiasi kwenye waraka wakaendelea kumwaga. Kupanda kunakokuvutia wewe ndiko kunakowapa wao hisa zaidi za kukuuzia.

App yoyote itakuruhusu kupoteza hela, hilo lisikunyime usingizi.

Hujataja hata jina la hisa. Liweke hapa, na ukiikuta 424B5 weka na tarehe yake na kiasi kilichoandikwa juu, niko macho hadi saa sita usiku.