Chumba cha tornado: shimo la gereji au cha juu ya ardhi?

Dada, umeuliza mchukue chumba gani cha kujikinga na tornado (kimbunga chembamba kinachozunguka kwa kasi): shimo lililochimbwa chini ya sakafu ya gereji, au cha juu ya ardhi. Kwa kuwa umesema mama mkwe anaishi nanyi hapo Oklahoma, Marekani, na magoti yanamsumbua, mimi ningechukua cha chuma cha juu ya ardhi. Ngazi za shimo la gereji zitamshinda, tena usiku na umeme umekatika. Wanaosema cha chini tu ndicho salama wanakosea. Muhimu kiwe kimejengwa kwa viwango vya FEMA P-361 (mwongozo wa shirika la maafa la serikali ya Marekani) au ICC 500 (kiwango cha ujenzi wa vyumba vya kujikinga na dhoruba), kihimili upepo wa maili 250 kwa saa, kama kilomita 400.

Kwenye mlango ndipo pa kumbana muuzaji. Maabara ya Chuo Kikuu cha Texas Tech kule Lubbock, Texas, huurushia boriti ya mbao ya kilo 7 hivi kwa maili 100 kwa saa. Akuoneshe cheti kwamba mlango huo, pamoja na bawaba na makomeo yake, umefaulu jaribio hilo. Mlango wa chuma wa kawaida wa dukani haufai kabisa! Chumba chenyewe kifungwe kwa bolti kwenye zege.

Kisha kiandikisheni mjini kwenu, ili kifusi kikiziba mlango waokoaji wajue pa kuwatafuta. Ndani wekeni viatu, kofia ngumu, filimbi, maji, dawa za mama na redio ya betri, na tafadhali msikigeuze stoo. Mama aingizwe mapema, pale tu inapotangazwa kwamba tornado huenda ikatokea. Msingoje king'ora.