Maswali na Majibu: Haki za Mjamzito Mbele ya Daktari na Mkunga

Barua nne za juma hili, zote kutoka Tanga na jirani zake, zinatumia neno moja: "Je, naruhusiwa?" Neno hilo limenishughulisha kuliko maswali yenyewe, kwa kuwa anayeomba ruhusa amekwisha kukubali kwamba haki yake iko mkononi mwa mtu mwingine.

Mume wangu ni mvuvi, na huwa baharini siku tatu au nne mfululizo. Nimeambiwa huenda nikajifungua kwa upasuaji. Je, naruhusiwa kutia saini mwenyewe? (Sahare)

Saini inayotakiwa ni yako. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeridhia au kukataa tiba ya mwili wake, na hakuna sababu ya kusubiri mashua irudi ilhali uchungu umekwama au damu inatoka. Ni desturi yetu kumshirikisha mume, pengine na mama mkwe, nami siibezi, maana ndio watakaokuuguza. Lakini kushauriana ni jambo moja na kuridhia ni jambo jingine. Kabla ya kutia saini, daktari anapaswa kukueleza kwa Kiswahili unachokielewa ni kwa nini upasuaji unahitajika, una hatari gani, na kutakuwaje usipofanyika. Ukiletewa karatasi bila maelezo, uliza. Saini iliyotiwa bila kuelewa si ridhaa. Zungumza na mume wako mapema, kabla hajatweka tanga, ili asije akahisi kuwa amepitwa.

Nilipokwenda kliniki mara ya kwanza niliambiwa nirudi na mume, au nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Aliyenipa mimba hayupo. Je, naruhusiwa kuhudumiwa? (Makorora)

Ndiyo. Kumwalika baba kupima VVU ni jambo jema: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mjamzito na mhusika wa mimba wapewe ushauri nasaha na nafasi ya kupima kwa hiari. Hiari hiyo haiwezi kugeuzwa kufuli la mlango wa kliniki. Anayerudishwa nyumbani anakosa kupimwa wingi wa damu na presha, na anakosa vidonge vya SP vya kukinga malaria, mambo ambayo hayangoji barua. Omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, siku hiyo hiyo.

Je, naruhusiwa kukataa kulipia kadi na vipimo? (Pongwe)

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za wajawazito katika vituo vya umma ni bure. Glovu na pamba zinapokosekana kituoni, na hukosekana, huenda ukaombwa ununue. Ukitozwa fedha dirishani, dai risiti.

Mkunga alinizaba kofi nikiwa katika kusukuma. Ndugu zangu wanasema ndivyo mtoto anavyookolewa. Je, naruhusiwa kulalamika, na sasa mtoto ana miezi miwili? (Muheza)

Kofi si tiba, na hujachelewa. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Korogwe na Muheza ulionyesha kwamba takriban asilimia 19 ya wanawake walisema walitendewa vibaya walipohojiwa wakitoka hospitalini, ilhali wale waliohojiwa tena majumbani wiki kadhaa baadaye walifikia asilimia 28. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo inaonyesha jinsi mzazi anavyofunga kinywa akiwa bado ndani ya geti, hasa akijua kwamba atarudi hapo kwa chanjo. Andika tarehe, zamu na yaliyotokea, kisha umpelekee mganga mfawidhi. Usipojibiwa, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Lipo pia Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lenye mamlaka ya kisheria juu ya leseni za wauguzi na wakunga. Malalamiko hayo hayawezi kuwa sababu ya mwanao kunyimwa chanjo. Ukihofia kwenda peke yako, fuatana na dada au shoga aliyekupeleka kujifungua, kwani yeye ni shahidi.